Manowari ya Matanga kwa Kipimo cha 1:72: Kazi Ilivyo na Panapoharibika

Anayetazama mfano wa manowari ya matanga uliokwisha kukamilika huona kamba kwanza. Milingoti mitatu, foromali (nguzo za kukingama zinazobeba matanga) zimepangana juu kwa juu, nyuzi kwa mamia zinapishana. Papo hapo anakata tamaa. Lakini kamba sizo zinazowashinda watu. Mifano mingi inayoishia juu ya kabati mbavu zikiwa nje ilikwisha kuharibika kabla ya uzi wa kwanza kufungwa. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, ulipinda, mataruma, yaani mbavu zake, hayakukaa wima, au mbao za ubavuni zililazimishwa kwenda zisikotaka. Kamba zikifika huanika tu kosa lililokuwa limefichika.

Kwa hiyo tutakaa sana kwenye mbao, halafu kwenye kamba, na katikati tutapita haraka. Vipimo ni vya meli moja halisi, na hali ya kazi ni ya Dodoma, ambako mbao, gundi na vumbi vina tabia zake.

Chagua meli, kisha chagua mwaka

Waanzaji hukimbilia Victory kwa sababu ndilo jina wanalolijua. Ile ina mizinga 104 katika sitaha tatu, ilishushwa majini mwaka 1765, na kwa kazi ya kwanza ni kujitafutia balaa: kosa la safu ya chini ya madirisha ya mizinga hupanda hadi safu ya juu. Afadhali frigeti, manowari ya mbio yenye safu moja kamili ya mizinga. Mfano wetu ni Trincomalee, iliyojengwa Bombay na fundi mkuu Jamsetji Bomanji Wadia kwa mbao za mtiki, ikashushwa majini tarehe 12 Oktoba 1817. Bado inaelea, Hartlepool, Uingereza. Michoro yake ya kwanza haikufika India: ilikuwa ndani ya manowari Java iliyotekwa na Constitution ya Marekani Desemba 1812, ikabidi itumwe nakala nyingine.

Kuwa na meli halisi ya kutazama ni bahati, na ni mtego pia. Katika miaka ya 1840 Trincomalee ilibadilishwa umbo la shetri, yaani sehemu ya nyuma, na kupunguziwa idadi ya mizinga. Anayejenga meli ya 1817 kwa picha za leo hupata mbele ya zama moja na nyuma ya zama nyingine. Andika mwaka juu ya mchoro kabla hujashika msumeno, na kila kitu kipimwe kwa mwaka huo.

Michoro ya meli za Uingereza za wakati ule imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya bahari Greenwich, na huwa na sura tatu: ubavu, nusu ya upana ukitazama kutoka juu, na mikato ya kukingama. Hii ya tatu ndiyo huwachanganya wengi. Nusu ya kulia inaonyesha mikato ya upande wa omo, yaani mbele, nusu ya kushoto ya upande wa tezi, yaani nyuma. Hakuna taruma linalopatikana kwa kuunganisha kulia na kushoto ya mchoro huo. Unachukua nusu moja, unaigeuza kama taswira ya kwenye kioo, unapata umbo zima.

Halafu kuna duka la kuchapia. Ukipeleka faili ukasema tu "nitolee A3", mashine hupunguza picha ili ienee kwenye karatasi. Upungufu wa asilimia 3 hauonekani kwa macho, lakini kwenye urefu wa milimita 636 ni milimita 19, na mikato ikichapwa siku nyingine kwa ukubwa sahihi, haitakutana na ubavu. Sema ichapwe asilimia 100, na upime mstari wa kipimo uliomo kwenye mchoro kwa rula kabla ya kulipa.

Hesabu ya 1:72

Sitaha ya mizinga ya Trincomalee ina urefu wa mita 45.8, na upana wa meli ni karibu mita 12.2. Gawa kwa 72: milimita 636 na milimita 169. Baharia wa mita 1.7 anakuwa na milimita 24. Ubao wa sitaha wa inchi 10 unakuwa na milimita 3.5. Kata kijiti chenye urefu wa huyo baharia na ukiweke mezani muda wote. Ngazi, kizuizi au usukani unaomfika kichwani utaujua bila kikokotoo.

Kosa la hesabu linalorudiwa kuliko yote ni la kamba. Vitabu vya zamani hutaja unene wa kamba kwa mzingo wake, si kwa kipenyo. Kamba "ya inchi 12" ina kipenyo cha inchi 3.8 tu, yaani milimita 97, na kwa kipimo chetu ni uzi wa milimita 1.35. Asiyejua hugawa inchi 12 moja kwa moja, akapata uzi wa milimita 4.2, na meli yake inaonekana imefungwa kwa kamba za kufungia mbuzi.

Mbao, na tundu la milimita 0.3

Mninga ni mbao nzuri ya samani na mafundi seremala wa Dodoma wanaifahamu vizuri, lakini kwenye kazi hii ina aibu yake. Vitundu vyake vinaonekana kwa macho. Kitundu cha milimita 0.3 kikikuzwa mara 72 ni shimo la milimita 22 kwenye ubavu wa manowari. Mvule una tatizo hilohilo. Panapoonekana kwa karibu weka mbao laini isiyo na vitundu: mlimao, mchungwa au mpera. Matawi makavu ya mlimao yenye unene wa mkono yanatosha makapi yote (roda za kupitishia kamba), na rangi yake ya manjano hafifu haihitaji kupakwa kitu. Mpingo ni wa vitu vyeusi vidogo. Unashika ncha kali bila kumeguka, hata kipande cha milimita 4 chenye matundu matatu. Vumbi lake huwasha macho na pua, kwa hiyo vaa barakoa.

Ngozi ya kwanza ya ubavu haitaonekana, basi msindano unatosha, mradi usiwe na vifundo. Randa mbao hadi unene wa milimita 5, kisha chana fito za milimita 1.5 kutoka ukingoni, kila ufito uwe na upana wa milimita 5. Hapa ndipo bajeti inapoliwa: msumeno wa mashine unakula karibu milimita 3 kila unapopita, kwa hiyo ufito mmoja unagharimu milimita 4.5. Mbao ya inchi 6 inatoa fito 33. Meli inahitaji fito 52, na nyingine 15 hadi 20 zitavunjika au kukosewa. Nunua mbao tatu, si mbili.

Msindano unaotoka Sao Hill mara nyingi hufika ukiwa bado na maji. Fito zikishachanwa, zipange kivulini kwa vijiti kati yake wiki kadhaa. Ukizigundisha zikiwa mbichi, kiangazi cha Dodoma kitazisinyaza na kila ungio litafunguka mstari mweusi. Ngozi ya juu ikiwa tayari imepakwa vanishi, mstari huo hauzibiki tena.

Mkuku na mataruma

Mkuku na mataruma hukatwa kwenye plaiwudi ya milimita 6. Kwa urefu wa milimita 636, mataruma 17 yanatosha. Yakipungua, fito zitazama katikati ya taruma na taruma na ubavu utaonekana kama mbwa mwenye njaa. Kabla ya kukata, laza karatasi ya plaiwudi kwenye sakafu ya marumaru. Ikicheza pembe moja, irudishe dukani. Mkuku uliopinda milimita 2 utazaa mlingoti unaoegemea upande, na hakuna kamba itakayounyoosha.

Mataruma yawekwe makavu kwanza, bila gundi, kila moja lipimwe kwa gonia kutoka kwenye mkuku. Gundi iwe nyeupe ya mbao. Supagluu inavutia kwa haraka yake, ila ina mambo mawili. Huacha ukungu mweupe juu ya mbao, na hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani. Oktoba, hewa ya Dodoma ikiwa kavu, inachelewa kushika, mtu anaongeza tone la pili na la tatu, na mwisho anapata donge linalokatika kama kioo. Gundi nyeupe nayo ina kinyume chake: hutengeneza ngozi juu kabla hujaunganisha. Paka sentimita chache, unganisha, endelea.

Toboa mashimo ya milingoti sasa, kabla ya sitaha kufunika. Yatobolewe kwa kifaa kilichosimamishwa, kwa pembe ya kila mlingoti kama mchoro unavyoonyesha, na yafike hadi kwenye mkuku. Atakayetoboa baadaye kupitia sitaha, kwa mkono, atapata milingoti mitatu inayotazama pande tatu.

Baada ya gundi kukauka, mataruma ya omo na tezi hupigwa msasa kwa mshazari ili ufito uguse upana wake wote, si ncha tu. Chukua ufito mmoja usioloweshwa, ulaze juu ya mataruma matano kwa wakati mmoja. Ukiona mwanga popote kati yake na taruma, bado. Kazi hii inachosha na haionekani mwishoni, ndiyo maana watu huikatisha. Usiikatishe.

Fito za ubavuni

Meli ni nene katikati na nyembamba kichwani, lakini idadi ya fito ni ileile. Siri yote imo humo. Pima kwa ukanda wa karatasi mzingo wa taruma la katikati, kutoka pale mshipi mnene wa ubavu unapokaa hadi kwenye mkuku. Tuseme ni milimita 130. Kwa fito za milimita 5 unapata fito 26. Sasa pima taruma la kwanza la omo: milimita 78. Gawa kwa 26, na kila ufito unatakiwa uwe na milimita 3 ukifika hapo. Basi kila ufito unarandwa kutoka 5 katikati hadi 3 omo, kwa mteremko mrefu. Rudia hesabu kwa kila taruma na utie alama za penseli.

Kuna mpaka. Ufito usipunguzwe chini ya nusu ya upana wake, yaani milimita 2.5 kwetu, kwa sababu utapasuka na hautashika gundi. Hesabu ikitoa chini ya hapo, fito mbili zinaishia kabla ya kufika na moja pana inachukua nafasi yake. Tezi huwa kinyume: mzingo unaongezeka chini ya shetri, na nafasi ya ziada hujazwa kwa kipande chenye umbo la kabari. Asiyefanya hesabu hizi hupiga fito nzima nzima kutoka juu. Zinapanda zenyewe kuelekea omo, na anapofika chini anabaki na uwazi mrefu kama jani la muhindi usiojazika kwa unadhifu.

Ufito upinde kwa bapa lake tu. Ukiulazimisha upinde kwa ukingo, utainuka upande mmoja na kukaa kama ngazi. Kwa mpindo mkali wa omo, loweka ncha dakika 15 hadi 20 kwenye maji ya moto, upindishe juu ya bomba la chuma lenye joto au pasi ya nywele, kisha ubane mahali pake bila gundi hadi kesho yake. Ufito uliolowa umevimba. Ukigundishwa ukiwa hivyo unasinyaa usiku huohuo na kuacha nafasi. Halafu piga mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa zamu. Anayemaliza upande mmoja kwanza huvuta mkuku, na meli inapinda kama ndizi.

Madirisha ya mizinga yapo 14 yenye mizinga kila ubavu, karibu milimita 12 kwa 11. Mstari wake unafuata mlalo wa sitaha, ambao umeinuka kidogo omo na tezi. Haufuati mstari wa maji. Kingo za pembeni zibaki wima kutoka kwenye mkuku. Ukiyapiga kwa rula moja kwa moja, mizinga ya mwisho itatazama chini.

Ngozi ya pili ni vinia ya milimita 0.5 hadi 1, na hapo kazi huwa nyepesi maana njia imeshachorwa.

Sitaha, shaba, mizinga

Sitaha ipigwe kwa fito za milimita 3.5, vipande vya sentimita 10. Weusi wa kalafati, yaani nyuzi na lami za kuzibia nafasi kati ya mbao, upakwe kwa penseli upande mmoja tu wa kila ufito. Pande zote mbili zinatoa mstari wa kama milimita 0.4, ambao kwenye meli halisi ni karibu sentimita 3. Vigingi vya mbao vya sitaha vilikuwa na kipenyo cha inchi moja na robo, yaani milimita 0.44 kwetu. Wengi hutumia vijiti vya meno vya milimita 2, na matokeo yake ni sitaha iliyopigiliwa magogo. Kwa maoni yetu, ukikosa mwanzi uliokonda kiasi hicho, acha kabisa.

Chini ya mstari wa maji meli ilivikwa bati za shaba za futi 4 kwa inchi 14. Kwa 1:72 ni milimita 17 kwa 4.9, kwa hiyo utepe wa shaba wa milimita 5 wenye gundi ndio kipimo chake. Anza tezi, chini kwenye mkuku, uende mbele, ili bati la mbele lifunike ukingo wa la nyuma yake na maji yasiingie. Andaa vipande 1,200 hadi 1,500. Vaa glavu nyembamba, maana jasho la kidole huacha alama ya kahawia inayojitokeza baada ya wiki mbili.

Mizinga 28 ya sitaha kuu ni ya risasi za ratili 18, karibu kilo 8 kila moja, na urefu wa mzinga ni milimita 38 hivi. Chonga mmoja kwa uangalifu, tengeneza kalibu ya silikoni, mimina rezini. Usiyeyushe risasi ya betri chakavu za magari. Moshi wake ni sumu, na hata mizinga ikitoka vizuri, risasi ikifungiwa kwenye kabati la mbao hugeuka unga mweupe kwa asidi inayotoka kwenye mbao. Rangi iwe nyeusi isiyong'aa.

Milingoti na kamba

Kila mlingoti ni vipande vitatu vilivyopandana. Anza na kijiti cha mraba chenye nyuzi zilizonyooka, ukipasue, usikichane kwa msumeno, ili kifuate nyuzi zake. Kukifanya cha pande nane, gawa upana wa kila upande kwa uwiano wa 7:10:7; kwa kijiti cha milimita 9.6 alama ziwe 2.8, 4 na 2.8. Ondoa pembe hadi kwenye alama, halafu msasa umalize mviringo. Foromali za juu hazihitaji shida hiyo: vijiti vya mishikaki vya mwanzi, milimita 3, vimenyooka na havivunjiki.

Sasa kamba. Msitu wote ule ni makundi mawili tu. La kwanza ni kamba zilizosimama, ambazo kazi yake ni kuzuia milingoti isianguke. Hazisogei, zilipakwa lami, kwa hiyo ni nyeusi au kahawia iliyoiva. La pili ni kamba zinazokwenda: henza za kupandishia, demani za kuvutia pembe za tanga, na nyingine za kugeuza foromali. Hizi hupita kwenye makapi, huishia kwenye vigingi vya sitahani, na ni za rangi ya katani. Ukiujua mgawanyo huo, kila uzi unauliza maswali mawili tu: unashika nini, na unafungwa wapi?

Unene wa aina tano au sita unatosha, kuanzia milimita 0.25 hadi 1.35. Uzi wa poliesta wa cherehani ukisokotwa mara tatu hutoa kamba nzuri, na haubadiliki na hali ya hewa kama pamba. Upitishe kwenye nta ya nyuki, ambayo katika nchi ya asali ya Manyoni na Kondoa si ya kutafuta mbali. Nta hulaza vinyweleo. Kinyweleo cha milimita 1 ni kijiti cha sentimita 7 kwenye meli.

Mpangilio wa kufunga hauna mjadala. Kamba za pembeni huvikwa kichwani mwa mlingoti kwa jozi, jozi ya kwanza kulia mbele, ya pili kushoto mbele, na kuendelea nyuma kwa zamu. Ndipo kamba nene inayovuta mlingoti kuelekea omo ivikwe juu yake. Ukianza na hii, zile hazitakaa. Chini, kila kamba ya pembeni huishia kwenye kapi bubu, yaani duara lisilo na gurudumu, lenye matundu matatu, karibu milimita 4, linalofungwa kwa mwenzake aliyeko ubavuni. Pinda waya uwe na ncha mbili, uzichomeke kwenye tundu la kapi la juu na la chini unapofunga. Umbali utakuwa mmoja kwa yote. Ukikadiria kwa jicho, safu itapanda na kushuka, na hilo ndilo jambo la kwanza mtu mwenye ujuzi huliangalia.

Ngazi za kamba zikae kila milimita 5.3. Mlingoti mkuu ukiwa na kamba 8 upande mmoja na ngazi 28, ni mafundo 224 kwa upande huo tu. Weka nyuma yake karatasi iliyochorwa mistari. Funga kuanzia katikati kwenda nje, na usivute: kamba zikibinyana kiunoni kama shumizi, kosa ni la mkono mzito. Kagua kila baada ya ngazi nne.

Kamba zinazokwenda zifungwe kutoka ndani kwenda nje na kutoka chini kwenda juu. Makapi yote yafungwe kwenye foromali zikiwa bado mezani. Foromali ikishapanda, kidole hakifiki tena.

Kuhusu mkazo, zingatia msimu. Ukitumia pamba, kamba hulegea kiangazi na kukaza mvua zinapoanza Desemba. Anayekaza sana Septemba hukuta kipande cha juu cha mlingoti kimepinda Januari. Kaza kiasi cha uzi kunyooka tu, basi.

Matanga tungeshauri yaachwe. Hakuna kitambaa chenye ufumo mwembamba kiasi cha 1:72, na tanga nene hufunika kazi yote ya kamba. Ukiyataka, yafunge yakiwa yamekunjwa juu ya foromali, kwa karatasi laini iliyotiwa rangi.

Kabati la kioo

Vumbi la Dodoma likishakaa kwenye nyuzi zenye nta halitoki kwa brashi. Kabati litengenezwe mapema, hata kabla ya milingoti ya juu. Fundi wa madirisha ya alumini anaweza kulikata kwa vipimo vyako. Alumini haina asidi ya mbao na haivimbi. Acha sentimita 5 kila upande kutoka kwenye ncha ya mbali kabisa, ukikumbuka mlingoti wa mlazo wa omo na foromali kuu, ambayo ni pana kuliko meli yenyewe. Weka matundu mawili madogo nyuma, moja chini na moja juu, yazibwe kwa kitambaa cha kuchuja, ili hewa ibadilike bila vumbi. Lisikae chini ya bati lisilo na dari wala mkabala na dirisha la magharibi: jua la saa kumi likipiga kioo, joto ndani yake hulegeza gundi ya utepe wa shaba, na bati huanza kujikunja kuanzia tezi.